Jinsi ya kufundisha maandishi ya watawa wa zamani na nakshi za dhahabu kwenye nyumba ya misheni, toleo la Moshi

Kama una mkono mzuri wa kuandika na jirani na kwenu kuna nyumba ya zamani ya watawa ambayo wikendi imekaa tu, basi hii inakuhusu. Nazungumzia yale maandishi ya Ulaya ya zama za kati, herufi zina unene na wembamba, zimeandikwa kwa unyoya, na ile herufi ya kwanza ya ukurasa ni kubwa imejaa dhahabu, majani na vijinyama. Mi nafundisha hii kitu kwenye nyumba ya misheni juu kidogo ya Moshi mjini na watu wananiuliza sana naanzaje na vifaa natoa wapi, basi nimeandika yote kwa mpigo. Jambo moja liweke kichwani kabla ya mengine: watu watakuja kwa sababu ya dhahabu, ila darasa linasimama au linaanguka kwenye mistari ya penseli. Dhahabu iweke siku ya mwisho kabisa, hata wakikubembeleza, hata wakinuna.

Tuanze na jengo maana ndo linawakwamisha wengi. Usianze na barua. Nenda mwenyewe asubuhi baada ya misa, "Tumsifu Yesu Kristo", uitikiwe, ukaribishwe, unywe chai, ndo uanze kueleza shida yako. Mwenye neno la mwisho si lazima awe paroko, nyumba nyingi ni Sista mkuu, na anayejua ufunguo uko wapi na ubao upi wa sakafu umeoza ni yule mzee mlinzi, kwa hiyo shikamoo yako iwafikie wote usibague. Uliza masaa ya sala mapema na uyapange ndani ya ratiba yako. Kengele ikilia saa sita watu waweke kalamu chini, wanyooshe migongo, waliopenda kwenda kusali waende, na wengine wanyamaze tu. Hiyo dakika kumi na tano inasaidia mkono kuliko maelezo yangu yote. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inagawa siku ya mtawa kati ya sala, kazi ya mikono na kusoma, na ukikaa na kalamu masaa mawili mfululizo unaelewa haraka sana kwa nini.

Kuta usizipigilie misumari, na usibandike chochote kwa maskin tepu, zile kuta za zamani zimepakwa chokaa na tepu ikibanduka inaondoka na kipande cha ukuta. Sampuli zako zining'inize kwa kamba na vibanio vya nguo kati ya viti viwili. Chini tandika turubai, wino ukimwagika kwenye mbao za miaka mia hautoki. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, sasa haya ya kwetu huku mlimani yote ni ya baada ya hapo, yaani kama halijatangazwa rasmi basi mlinzi wake ni wenye nyumba, pamoja na wewe uliyeazimwa.

Na usiwadanganye wanafunzi kuhusu hilo jengo. Utapata mtu anataka umwambie kwamba hapa hapa watawa walikaa wakanakili Biblia kwa unyoya, inanoga, picha inatoka vizuri. Sio kweli. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni za Kilema na Kibosho miaka ya 1890 walikuja na vitabu vya kuchapwa, Gutenberg, yule Mjerumani aliyeanzisha uchapaji Ulaya, alishachapa Biblia yake kama mwaka 1455, zaidi ya miaka 400 nyuma. Jengo linakupa ukimya, meza ndefu, madirisha makubwa na kuta nene zinazofanya chumba kisiwe tanuri mchana. Inatosha, huna haja ya kulipachika historia isiyo yake.

Sasa mwanga. Vitabu vya Ulaya vinakuambia kaa kwenye dirisha la kaskazini maana jua haliingii kule. Huku tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, mwezi wa 6 jua limeelemea kaskazini, mwezi wa 12 limehamia kusini, kwa hiyo dirisha lililokuwa zuri Januari, ikifika Julai linakuchoma macho. Nenda chumbani wiki moja kabla, saa zile zile za darasa, uangalie mwanga unaangukia wapi, na uwe na shuka jeupe la kuning'iniza pale jua linapoingia moja kwa moja. Anayeandika kwa mkono wa kulia mwanga umjie kutoka kushoto, wa mashoto kinyume chake, ili kivuli cha mkono kisikae juu ya kazi. Anza saa tatu, funga saa tisa, utategemea mwanga wa mchana peke yake na umeme ukikatika hamna anayejua. Watawa wenyewe walifanya hivo hivo, mishumaa karibu na vitabu ilikuwa inaogopwa kwa sababu ya moto.

Kuhusu aina ya mwandiko. Watu wengi watataka gothiki, ile nyeusi yenye kona kona ya kwenye vyeti. Kataa kwa upole. Anza na unsiali, ni mwandiko wa mviringo ulioshika kuanzia kama karne ya 4 mpaka ya 8, na sababu ya kuupenda ni kwamba hauna herufi kubwa na ndogo, ni seti moja tu, kwa hiyo mtu anajifunza maumbo 26 badala ya 52. Ndugu yake wa karibu, nusu-unsiali, ndo umeandikwa Kitabu cha Kells, kile cha Injili chenye nakshi, ambacho kiko Trinity College pale Dublin, na Injili za Lindisfarne pia, waonyeshe picha zake kwenye simu watashika haraka. Wakishazoea nenda kwenye mwandiko wa Karolingia, uliosambaa kwenye himaya ya Karolo Mkuu (Charlemagne), mfalme wa Ulaya magharibi, kuanzia miaka ya 780 hivi, huo una mikia ya juu na ya chini na ndo mama wa herufi ndogo tunazosoma kila siku. Edward Johnston, yule Mwingereza aliyefufua kazi hii London kuanzia 1899, mwandiko wake wa kufundishia aliutoa kwenye kitabu kimoja cha Zaburi cha karne ya 10 cha kule kwao, na hata leo walimu wengi wanaanzia hapo. Mi naona unsiali ni rafiki zaidi kwa watu wetu. Utaona mwenyewe.

Hapa kuna kitu vitabu vya nje havitakuambia. Wale watawa walikuwa wanaandika Kilatini, na Kilatini karibu hakiitumii K, hakina W, J ni I tu imerefushwa, Y ni ya kubahatisha. Sasa sisi tunataka kuandika Kiswahili, na Kiswahili bila K, W na Y hujafika popote! Ukimpa mwanafunzi alfabeti ya kale kama ilivyo akajaribu kuandika "maji yakimwagika hayazoleki" anakwama neno la pili. Kwa hiyo kabla ya darasa kaa chini uchore hizo herufi mwenyewe kwa kufuata familia ya zingine. W iunde kwa U mbili za mviringo zilizoshikana, hivo ndivo ilivyozaliwa hata Ulaya. K mguu wake wa chini usiunyooshe kama kwenye kompyuta, upinde kidogo ufanane na R. J iache ishuke chini ya mstari kidogo tu. Y ipe mkia mfupi maana itakuja mara nyingi, ukiurefusha ukurasa mzima unakuwa na nywele. Halafu kuna faida: maneno yetu yanaishia na irabu, A na I na E zimejaa, kwa hiyo mwandiko wa mviringo unakaa vizuri sana kwenye Kiswahili, ukurasa unapumua.

Na hiyo gothiki uliyowanyima, siku moja waonyeshe kwa nini. Waandikie ubaoni neno "nimuinue" kwa gothiki bila nukta juu ya i. Ni vijiti 13 vimesimama sawa sawa afu ndo e moja mwishoni, hamna anayeweza kusoma. Waandishi wa kale walikuwa na tatizo hilo hilo, wakaanza kuweka kialama juu ya i ili ijulikane, na hicho kialama ndo nukta tunayoiweka mpaka leo.

Vifaa, usiogope, siku ya kwanza unahitaji penseli mbili. Zichonge, zifunge pamoja kwa rababendi, ncha ziwe usawa mmoja, ukiandika unapata mistari miwili kwa mpigo na mwanafunzi anaona kabisa wapi herufi inanenepa na wapi inakonda bila kugusa wino. Karatasi ya A4 ya kawaida inatosha kwa siku hiyo. Siku za wino nunua manila nyeupe steshenari, ikate mwenyewe, maana ile A4 nyepesi wino unasambaa kama maji kwenye mchanga na mtu anadhani kosa ni lake. Kila mtu apate ubao wa plaiwudi wa kuinamisha, fundi seremala yeyote anakukatia mabaki, ukae kwenye pembe ya nyuzi 30 mpaka 45 ukiegemea matofali au vitabu vinene. Kuandika mezani flati kunaua shingo na wino unateremka ovyo kwenye ncha.

Baada ya penseli nenda kwenye kalamu ya mwanzi. Tafuta mwanzi mkavu mwembamba wa unene wa penseli hivi, wa kijani hapana, unapasuka. Kata mshazari mrefu upande mmoja mpaka ubaki ulimi, ondoa ile nyama nyeupe ya ndani, pasua katikati ya ulimi kama sentimita moja kwa ncha ya kisu, halafu laza ulimi juu ya kitu kigumu na ukate ncha yake sawa, pap, kwa pigo moja. Ukikata kwa kusugua inabaki na nyuzi nyuzi na mstari hautakuwa safi. Kwa wanaoanza acha ncha ya milimita 4. Kipande chembamba cha kopo la soda ukikikunja na kukichomeka ndani ya ulimi kinashika wino, unaandika maneno mawili matatu bila kuchovya. Watoto uwakatie wewe, wembe hauna huruma.

Unyoya ni hatua ya mbele, na hapo ndo watu wanafurahi. Bata mzinga yupo, bata bukini anayelinda geti la mtu yupo, ongea na mwenye bata akuwekee manyoya marefu ya mwisho ya bawa yanapodondoka. Anayetumia mkono wa kulia anafaidi ya bawa la kushoto kwa sababu yanapinda kwenda nje ya mkono, hayakuchomi macho. Loweka usiku kucha, asubuhi pasha mchanga kwenye sufuria kuukuu, chomeka lile bomba la unyoya kwenye mchanga wa moto sekunde chache, utaliona linabadilika kutoka rangi ya maziwa kuwa la kupenyeza mwanga na linakuwa gumu, hapo linakatika vizuri. Na yale manyoya yenyewe yanyoe karibu yote. Ule unyoya mkubwa wa kupepea kwenye sinema ni wa sinema, mwandishi halisi alibaki na kijiti.

Haya, mistari. Hapa usiwe na haraka, ukiweza darasa zima la kwanza liwe hili. Urefu wa herufi unatokana na upana wa ncha, haukisiwi. Shika kalamu ncha ikae wima, weka kidoa kimoja cha mraba, panda juu yake kidogo pembeni weka kingine, mpaka vinne, unapata kama ngazi. Huo ndo urefu wa unsiali, ncha 4. Kwa ncha ya milimita 4 ni milimita 16, kwa zile penseli mbili ni karibu sentimita 3. Karolingia ifanye 3 lakini mikia yake iwe mirefu, gothiki ni 5. Kati ya mstari na mstari acha nafasi ya kutosha, angalau mara mbili ya urefu wa herufi. Usipime kila mstari kwa rula upya, chukua kipande cha karatasi utie alama zote pembeni, kiweke kushoto utoboe kwa sindano, kiweke kulia utoboe, unga matundu. Watawa walifanya hivo kwa ngozi nyingi zikiwa zimerundikwa pamoja, na kwenye miswada mingi matundu yanaonekana mpaka leo pembezoni mwa kurasa. Mwanafunzi wako atalalamika kwamba amekuja kuandika na sio kuchora mistari. Mwache alalamike huku anachora.

Pembe ya kalamu sasa. Unsiali iwe kama nyuzi 20 kutoka kwenye mstari, Karolingia 30, na ukishaichagua haibadiliki mpaka neno liishe. Kosa la kila mtu, yaani kila mtu, ni kuzungusha kalamu kwenye vidole anapokata kona ya O, unene unapotea. Kuna mzee mmoja wa Majengo alikuja kumsindikiza mjukuu wake, akakaa pembeni na kofia yake, baadaye akaomba kalamu ajaribu. Kumbe utotoni Tanga alisoma chuo cha Kurani kwa ubao na kalamu ya mwanzi, na japo kule wanaandika kutoka kulia na kalamu yenyewe inakatwa mshazari, mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wote chumbani. Mjukuu akawa anazungusha zungusha, mzee akamwambia, "Mjukuu wangu, kalamu haizungushwi. Mkono ndo unaokwenda." Toka siku hiyo naitumia hiyo sentensi kufundishia na maelezo yangu marefu nimeyaacha.

Na hilo la mzee linakufungulia mlango wa kuwaambia watu kwamba kazi hii sio ya wazungu peke yao. Siyu, kisiwani Pate huko Lamu, karne ya 18 na 19 kulikuwa na mafundi wa kunakili Kurani na kuzinakshi kwa wino mweusi na rangi nyekundu na njano. Ethiopia wapo mpaka leo wanaoandika kwa kalamu ya tete juu ya ngozi ya mbuzi, na Injili za Garima zilizotunzwa kwenye monasteri ya Tigray vipimo vimeziweka kati ya karne ya 4 na ya 7, yaani ni kati ya injili za zamani zaidi zenye picha duniani. Darasa langu lina Wakatoliki, Walutheri na Waislamu, na hii habari inawafanya wote wakae vizuri kwenye viti.

Wino wa kuanzia tengeneza wa masizi. Washa kibatari, shikilia sahani ya bati juu ya moto, kwangua masizi, yaloanishe kwa tone la spiriti maana masizi hayapendi maji, kisha saga na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa kwa maji ya uvuguvugu. Saga sana. Ukiona mikono imechoka ndo umefika nusu. Wino wa pili, ule wa watawa hasa, ulitengenezwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni vyenye tanini nyingi (ule ukakasi uliopo hata kwenye chai), salfeti ya chuma na gundi, ulikuwa unaandikwa umefifia afu ukikutana na hewa unaiva mweusi na kung'ang'ania ngozi. Mialoni hatuna, ila kuuonyesha ni rahisi: misumari yenye kutu iloweke kwenye siki siku kadhaa, siku ya darasa chemsha chai ya rangi kali kupita kiasi, changanya mbele yao. Chai inageuka nyeusi pale pale kwenye kikombe na chumba kizima kinasema aah. Magome ya mwati yana tanini kali zaidi ukiyapata. Huo uwe wa maonyesho tu, una asidi na taratibu unakula karatasi, kazi za kupeleka nyumbani waandike kwa masizi.

Kuhusu ngozi, sio lazima, lakini leta kipande wakishike. Ngozi ya kuandikia haitiwi dawa ya kuifanya ngozi ya viatu, inalowekwa kwenye chokaa, inatolewa manyoya, inavutwa kwenye fremu na kukwanguliwa ikiwa imevutwa mpaka ikauke. Fundi wa ngoma akisikia hayo anacheka, maana ndo kazi yake. Muombe akuwambie ngozi nyembamba ya mbuzi aikwangue zaidi ya ile ya ngoma, kisha uisugue na msasa laini na unga wa chaki. Masika inajikunja, ibane na mbao. Halafu waambie habari za Codex Amiatinus, Biblia nzima iliyoandikwa na watawa kaskazini mwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 8, ilimaliza ngozi zaidi ya 500. Mchaga akisikia ng'ombe 500 kwa kitabu kimoja anaanza kupiga hesabu kwa vidole.

Ndo tumefika kwenye nakshi. Mpangilio haubadiliki: maandishi kwanza, nafasi ya herufi kubwa iachwe wazi, kisha mchoro wa penseli, kisha dhahabu, kisha rangi, mstari mweusi wa kuzungushia unakuja mwisho. Dhahabu inatangulia rangi kwa sababu inanata popote penye unyevu, ukitangulia kupaka rangi utaikuta hadi kwenye shavu la nyoka wako. Mchoro wafanye pembeni kwanza, sentimita 6 kwa 6 inatosha, wauhamishe kwa kupaka penseli nyuma ya karatasi na kupitishia juu. Kuhusu nini wachore siwalazimishi mizabibu ya Ulaya. Jani la mgomba linajaza vizuri shina refu la herufi, tawi la kahawa na buni nyekundu linazunguka M bila shida, kinyonga mkia wake tayari umeshajikunja kama G, na mbega ana yale manyoya meupe marefu yanayoning'inia. Wale wa kale nao walichora walichokiona, konokono na sungura.

Dhahabu halisi ya kuandikia ni karatasi nyembamba ajabu, unene kama sehemu moja ya kumi ya maikroni, ukipiga chafya imeondoka. Kwa darasa agiza ile iliyobandikwa kwenye karatasi nyepesi. Ile ya kuigiza ya rangi ya dhahabu ni shaba na zinki, ni rahisi na inafaa kwa mazoezi, waambie mapema kwamba itakuja kufifia. Feni zima, dirisha la karibu funga, mashati ya mikono mipana kunja.

Zamani walipaka kwanza jeso, mchanganyiko wa plasta, risasi nyeupe, gundi na sukari au asali kidogo, ili herufi ivimbe na dhahabu ing'ae kama chuma. Risasi ni sumu, achana nayo. Chukua gundi nyeupe ya maseremala, punguza kwa maji iwe kama maziwa mazito, tia tone la rangi nyekundu ili uone umepaka wapi, paka kwa brashi ndogo, ngoja ikauke hadi ing'ae, rudia mara ya pili. Ikishakauka kabisa ndo kazi inaanza. Bua la jani la mpapai lina tundu katikati, likate urefu wa kiganja, liache likauke utomvu uishe. Weka ncha moja mdomoni, nyingine juu kidogo ya gundi, pumua taratibu kutoka tumboni, haaa, sio kupuliza, pumzi ya moto yenye mvuke, mara tatu nne. Gundi inaamka, inanata kidogo sana. Hapo hapo laza dhahabu juu yake, bonyeza kwa kidole kupitia ile karatasi, vuta. Ikitoka na mapengo pumua tena, weka kipande kingine, dhahabu inashikana na dhahabu. Asubuhi zenye ukungu kule juu zinasaidia sana, ila Februari hewa ikiwa kavu utapumua mpaka kichwa kizunguke, basi weka sufuria ya maji ya moto pembeni ya meza. Subiri nusu saa, funika kwa karatasi laini ya kuokea, sugua kwa akiki iliyolainishwa. Arusha mafundi wa kukata vito wapo, mmoja akikung'arishia kipande cha akiki kwenye mpini wa mbao unatumia maisha yako yote. Ukikosa, mgongo wa kijiko unasogeza siku.

Watu wa Arusha wakija huku huwa lazima mmoja aulize kama tanzanaiti ikisagwa inatoa ile buluu. Haitoi. Unga wake ni mweupe, utakuwa umesaga hela tu. Buluu ya fahari ya zama za kati ilitoka kwenye jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistani, likasafiri mpaka Ulaya, ndo maana walilipaka vazi la Bikira Maria na sio mbuzi wa pembeni. Wewe tumia posta kala nzuri au rangi za maji za tyubu, udongo mwekundu uliochekechwa na kusagwa na gundi ya mgunga unatoa nyekundu tamu kabisa. Au tumia ute wa yai: upige mpaka usimame, uache usiku, asubuhi kimiminika kilichojikusanya chini ndo gundi ya rangi. Zile nyekundu za zebaki na njano za aseniki wasimulie tu. Rangi ipakwe ya chini moja nzito bila mbwembwe, kisha kivuli, kisha vistari vyembamba vyeupe kwa brashi namba 0, hivo vyeupe ndo vinafanya jani liamke. Mwisho mweusi kuzunguka, mkono ukiwa umeegemea kwenye karatasi safi.

Watu usizidishe 10 siku ya dhahabu maana kila mmoja atakuita kwa wakati mmoja. Jumamosi nne zinatosha: penseli na mistari, mwanzi na wino, methali moja imeandikwa nzima, nakshi. Kuna atakayeruka herufi au neno zima siku ya methali na kutaka kuchana, mzuie. Kwenye ngozi walikwangua kwa kisu, na neno lililosahaulika waliliandika juu dogo na kialama, mstari mzima ukisahaulika waliuweka pembezoni. Afanye hivo hivo.

Kabla ya kuondoka kunja turubai, angalia sakafu ukiwa na mlinzi, ufunguo mpe Sista mkononi. Kazi zenye dhahabu zisikunjwe wala zisiviringishwe, weka karatasi laini juu yake, kati ya maboksi mawili, funga kwa maskin tepu. Anayeteremka na bodaboda avae mzigo wake mgongoni na sio mbele, kule mbele dereva ataukunja kwenye tuta la kwanza.